Kabla ya kuandika jina la mteja, muulize

Vijana wenzetu, wengi wetu hapa Remera tuna kabiashara: saluni, vitenge, kushona. Wateja wanatuachia imeli zao. Je, tunaweza kuwatumia matangazo tu? Tuangalie historia.

Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwenye mtandao wa ARPANET. Hakuwauliza. Wengi walikasirika, na mpaka leo anaitwa baba wa spamu. Mwaka 1999 Seth Godin akatoa kitabu chake Permission Marketing, na neno "ruhusa" likaingia kwenye biashara.

Hapa Rwanda iko sheria namba 058/2021, ya Oktoba 2021. Mtu aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa wakati wowote, na anaweza kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo.

Sisi wakimbizi tunajua uzito wa jina kwenye orodha. Nchi hii inajua zaidi: kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho tangu enzi ya Wabelgiji, miaka ya 1930, ndilo lililosomwa kwenye bariyeri mwaka 1994.

Basi tuweke daftari mezani. Mteja ajiandike mwenyewe, na tarehe. Tumwambie tutamtumia nini na mara ngapi. Orodha tusiuze, tusimwazime mtu. Akisema inatosha, tumfute siku hiyohiyo. Watu 20 waliokubali watafungua ujumbe wetu; 200 tuliowaokota watatukimbia.