Bura Ipi? Kompaila na Majina Yanayofanana

Ukisema unakwenda Bura, utaulizwa: ipi? Iko ya Tana River, yenye mradi wa umwagiliaji uliopokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981. Iko ya Garissa, ng'ambo ya pili ya mto. Iko pia ya Taita, upande wa Mwatate. Watu huongeza neno moja, Bura Tana, na mambo yakaisha. Waandishi wa kompaila walilifikia jibu hilo hilo, ila kwa awamu.

Katika lugha ya C hapakuwa na taabu: kila fankisheni ilikuwa na jina lake. Kompaila ililiandika, na kiunganishi, programu inayoshona vipande vilivyokwisha kutafsiriwa, kikalitafuta vivyo hivyo. Kisha Bjarne Stroustrup wa Bell Labs, ambaye tangu 1979 alikuwa akiijenga lugha iliyokuja kuitwa C++, akaruhusu fankisheni kadhaa zitumie jina moja mradi zipokee aina tofauti za data. Kiunganishi hakikujua lolote kuhusu aina. Basi kompaila ikaanza kuzificha ndani ya jina lenyewe: kwa kompaila yake, Cfront, `f` inayopokea namba nzima ikawa `f__Fi`. Baadaye kanuni za Itanium za kutunga majina zikaifanya `_Z1fi`, na ile inayopokea anwani ya namba hiyo ikawa `_Z1fPi`. Majina yanachukiza macho, lakini kiunganishi hakina macho.

Hiyo P ilichukulia kwamba kumbukumbu ni moja tu. Desemba 2008 ikatoka OpenCL, lugha ya kuandikia programu hata za kadi za michoro, na huko kumbukumbu ni kadhaa: ya wote, ya kikundi, ya vitu visivyobadilika, na ya binafsi. Itazame fankisheni `fract`. Hupokea namba yenye desimali, hurudisha sehemu ya desimali, na sehemu nzima huiandika pale ulipoelekeza. Pale wapi? Kwenye chipu nyingi amri ya kuandika kumbukumbu ya wote si ile ya kikundi, kwa hiyo zinatakiwa `fract` tatu, maana ya visivyobadilika haiandikwi.

Bahati nzuri, kanuni za Itanium zilikuwa zimeacha mlango, herufi U, kwa nyongeza za watengenezaji. Kompaila ya Clang ikapitia hapo. Katika SPIR, lugha ya kati ya OpenCL, `_Z5fractfPU3AS1f` ni ya wote, `_Z5fractfPU3AS3f` ya kikundi, `_Z5fractfPf` ya binafsi. AS1 na AS3 ni namba za nafasi za anwani.

Namba hizo ndizo kasoro ya mpango mzima, kwa maoni yangu. Nafasi ya visivyobadilika ni 2 katika mfumo wa SPIR, lakini ni 4 kwenye chipu za AMD, kwa hiyo fankisheni ile ile hupata majina mawili.

OpenCL 2.0 ya mwaka 2013 ilileta nafasi ya jumla inayokusanya ya wote, ya kikundi na ya binafsi, ili `fract` moja itoshe. OpenCL 3.0 ya 2020 ikaifanya ya hiari, na maktaba inayotaka kutumika kila mahali bado inabeba majina yote.