Platini, Chumvi na Barabara ya Palma: Unyevu katika Historia ya Magari ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ukisoma historia ya usafiri wa Cabo Delgado, unakutana na matope kila ukurasa. Mvua za Desemba hadi Aprili zinakata barabara, malori yanazama, watu wanashuka kusukuma. Hayo ni kweli. Lakini gari kuukuu la petroli mara nyingi halifiki hata kwenye hayo matope. Linagoma uani lilikolala, asubuhi yenye umande, na sababu imo ndani ya kifuniko kinachoenea kiganjani. Insha hii inajadili kasoro hiyo ndogo. Hoja yangu ni kwamba unyevu haukuwaonea watu wote sawasawa, na kwamba historia ya kupambana nao imetunzwa zaidi katika maneno ya mafundi kuliko katika nyaraka.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Mfumo wa kuwashia uliobuniwa na Mmarekani Charles Kettering karibu mwaka 1910 ndio uliotumika katika magari mengi ya petroli kwa miongo mingi, zikiwemo Land Rover zilizoanza kuuzwa mwaka 1948. Platini hufunguka na kufunga, koili hupandisha umeme mdogo wa betri hadi zaidi ya volti 10,000, kisha distribyuta huugawa kwa kila plagi kwa zamu. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia ya mkato. Ukikuta tone la maji ndani ya kifuniko cha distribyuta, au waya uliolowa, unapitia hapo na plagi haipati cheche. Pwani kuna jambo la ziada: chumvi. Upepo wa bahari huacha utando mwembamba juu ya waya na vifuniko. Utando huo hunyonya unyevu wa hewani, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Ndiyo maana gari lililolala karibu na bahari linaweza kukataa kuwaka bila hata tone moja la mvua kudondoka.

Haya sikuyapata maktaba. Nilielezwa Mtwara na fundi mzee aliyefanya kazi miaka mingi Palma. Nilimwamkia, akanikaribisha niketi juu ya tairi, akaanza kunihoji yeye badala ya mimi kumhoji. "Mjukuu wangu, stata inazunguka kwa nguvu?" Nikamjibu kwamba tuseme inazunguka. "Basi betri iache. Harufu ya petroli ipo?" Ipo. "Basi petroli inafika. Kilichobaki ni moto." Utaratibu wake ulikuwa wa kuondoa kimoja kimoja, na nakiri nimewahi kusoma tasnifu zisizo na mpangilio mzuri kama ule.

Usiku, alisema, fungua boneti gizani mwenzako akipiga stata: umeme unaovuja utauona ukicheza kwenye waya kama vimulimuli. Mchana, vua kifuniko, kifute kwa kitambaa kikavu, kisha kiweke jirani na jiko la mkaa, kando yake tu, kipate joto. Tafuta kwa ndani mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ni ufa ambao umeme umeuchoma, na kifuniko cha namna hiyo hakifufuki hata ukikikausha wiki nzima. Platini zipigwe msasa, na mwanya wake kwenye Land Rover uwe karibu milimita 0.4. Mwisho ni waya, ambazo zinafutwa chumvi hadi kwenye ncha. Mwaka 1953 kampuni moja ya San Diego, Marekani, ilitengeneza WD-40, dawa ya kufukuza maji ambayo jina lake linatokana na jaribio la arobaini. Palma, alisema mzee, dawa yao ilikuwa tambara na subira.

Sasa tuje kwenye vita. FRELIMO ilianza mapambano ya silaha tarehe 25 Septemba 1964, na kwa miaka kumi misafara ya jeshi la Wareno ilipanda kutoka Mocímboa da Praia kwenda Mueda. Ni rahisi kudhani kwamba unyevu uliizuia misafara hiyo. Mimi naona sivyo. Malori ya Berliet yaliyounganishwa Tramagal, Ureno, yalikuwa ya dizeli, na dizeli haina plagi wala distribyuta. Unimog 404 ilikuwa ya petroli, lakini ya kijeshi ilikuwa na mfumo wa kuwashia uliokingwa maji kiwandani. Jeshi lilisimamishwa na matope, na zaidi na mabomu ya ardhini. Aliyesimamishwa na umande alikuwa raia mwenye gari la petroli lisilo na kinga yoyote. Yeye ndiye aliyemhitaji fundi.

Fundi huyo alijifunza wapi? Hapa maneno yanatusaidia. Kireno kina platinados, bobina na vela. Gereji za Mtwara zina platini, koili na plagi. Mzee wangu husema koili, lakini husema vela. Alianza kama mwanafunzi wa fundi Mmwani wa Mocímboa aliyefunzwa wakati wa Wareno, kisha akafanya kazi Mtwara kabla ya kurudi ng'ambo ya Ruvuma. Kinywa chake kina tabaka mbili, kama udongo wanaochimba wanaakiolojia. Neno platini ndilo linalonishinda, kwa kuwa linaweza kuwa limeingia kutoka upande wowote. Madini ya platinamu yenyewe yaliachwa zamani kwenye kifaa hicho, ikaja tangsteni, jina likabaki.

Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017 na ikatekwa Agosti 2020. Palma ikafuata tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia, na mafundi walikuwa miongoni mwao. Mzee wangu alikuwa ameshavuka. Siku hizi anatengeneza pikipiki, ambazo nyingi hazina platini kabisa, na vijana wa gereji yake wamezaliwa upande huu wa mto. Akisema "Nileteeni vela," wanamletea plagi.