Nyandarua, Atlas na nyufa za kale

MWENYEJI wa Kangari, eneo la Kigumo, Murang'a, anapoitazama Nyandarua juu ya mashamba ya chai huenda akadhani kwamba milima yote ilizaliwa kwa namna moja. Sivyo. Nyandarua, ambayo pia huitwa Aberdare, ni rundo la lava iliyomwagika ukingoni mwa Bonde la Ufa mamilioni ya miaka iliyopita. Kilele chake cha Satima kina mita 4,001. Mlima Kenya nao ni volkano iliyozimika.

Hata hivyo, chini ya lava hiyo kumezikwa mizizi ya milima ya aina nyingine: milima ya kukunjana. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara ya kale yaligongana, miamba ikajikunja na mingine ikasukumwa juu ya mingine. Mwaka 1951, mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliuita mfumo huo Ukanda wa Msumbiji. Mmomonyoko umeifuta milima yenyewe. Mizizi yake huonekana Machakos, Kitui na Taita. Bonde la Ufa lilipoanza kufunguka nchini Kenya, halikupenya katikati ya miamba migumu mikongwe ya Tanzania bali liliizunguka upande wa mashariki, likifuata ukanda huo dhaifu. Nguo kuukuu huraruka penye mshono.

Je, bonde laweza kugeuka mlima? Jibu liko Moroko. Takriban miaka milioni 200 iliyopita, Atlantiki ilipokuwa ikifunguka, ardhi ya huko ilipasuka na kufanya mabonde yaliyojaa mashapo na chumvi. Baadaye Afrika ilisukumana na Ulaya. Nyufa zilizoteremsha ardhi zikatumika tena, safari hii kinyume: upande ulioshuka ukapandishwa kwa njia ile ile. Penye chumvi, matabaka yaliteleza kwa urahisi na kukunjana. Ndiyo sababu mielekeo ya safu nyingi za Atlas hufuata mabonde yaliyokuwapo kabla yake. Msukumano huo haujakoma: tetemeko la Septemba 8, 2023, lenye ukubwa wa 6.8, liliua karibu watu 3,000 katika milima hiyo.

Kwetu hali ni tofauti, kwani Bonde la Ufa lingali linapanuka, milimita chache kwa mwaka. (Maporomoko ya udongo yanayowasumbua wakazi wa Murang'a wakati wa masika ni jambo jingine, hayo huletwa na mvua na miteremko mikali.) Iwapo siku moja Afrika Mashariki itabanwa, ufa wa Satima, ulio upande wa magharibi wa Nyandarua, ni miongoni mwa nyufa zitakazotazamiwa kuamka kwanza. Lakini nyufa hizi hazihitaji kungoja hadi siku hiyo. Januari 6, 1928, ardhi ilipasuka Subukia, kaskazini-magharibi mwa Nyandarua, kwa tetemeko la 6.9, miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa nchini.