Mchoraji wa Msafara wa Magari na Watu wa Kongo

Katika karne ya 19, aliyetoka Ujiji kwenda Nyangwe alivuka Ziwa Tanganyika, akatembea siku nyingi hadi Kabambare, kisha akashika njia ya Kasongo. Kwa njia hiyo Maniema, mashariki mwa Kongo, ilipata Kiswahili, mpunga, nguo na bunduki, ikapoteza pembe za ndovu na watu wake. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na baada yake ya mwanawe Sefu, mpaka jeshi la Dhanis, kamanda wa Mfalme Leopold, lilipoiteka Aprili 1893. Kabambare ikafuata Januari 1894. Mwaka 1911 reli ya Kindu na Kongolo ilikamilika. Gari la mafuta lilichelewa zaidi.

Wageni waliokuja huku na penseli walikuwepo kabla ya gari. Mmoja wao, James Jameson wa msafara wa Stanley, alifika Kasongo mwaka 1888 kumwomba Tippu Tip wapagazi. Safarini, pale Riba Riba, alitoa leso sita, na msichana mdogo akauawa na kuliwa mbele ya macho yake. Mwenyewe alikiri kwamba baadaye alikaa akayachora aliyoyaona, ingawa alidai kuwa alipotoa leso alidhani ni mzaha. Hakuna utetezi unaoweza kumsafisha. Mtoto yule aliingia katika michoro ya Ulaya akiwa ameshakufa.

Ndiyo maana namtazama mchoraji Alexandre Iacovleff kwa makini, na kwa tahadhari. Alizaliwa St Petersburg mwaka 1887, akasoma katika Chuo cha Sanaa cha mji huo, akasafiri China na Japani wakati mapinduzi yanaitikisa Urusi, kisha akahamia Paris. Huko André Citroën alikuwa akitafuta namna ya kuyatangaza magari yake. Tayari magari hayo, yenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, yalikuwa yamevuka Sahara na kuingia Timbuktu Januari 1923. Safari ya pili ilikusudiwa kulikata bara zima. Ilikuwa miaka karibu 30 kabla ya Safari Rally ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1953, lakini kiu ilikuwa ileile: kuipima mashine kwa matope, mchanga na mito ya Afrika mbele ya macho ya dunia.

Magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Kila gari lilikuwa na nembo yake, na lile la Haardt lilibeba dungadunga wa dhahabu. Léon Poirier alipiga filamu. Iacovleff alikuwa mchoraji rasmi. Walipita Niger, Chad na Ubangi-Shari, wakaingia Kongo ya Wabelgiji: Buta, Stanleyville, Niangara. Tusisahau kwamba magari hayo hayakujifungulia njia msituni. Maelfu ya Wakongo walikusanywa na utawala wa kikoloni kukata miti na kusawazisha ardhi. Kwenye filamu mashine ndiyo inayosifiwa.

Kwa Wamangbetu, watu wa upande huo wa Niangara, Iacovleff alifanya kazi yake bora. Alitumia chaki nyekundu na makaa, akachora uso mmoja mmoja: mshipa wa shingo, kope nzito za mzee, utulivu wa mwanamke aliyesukwa nywele kwa ufundi mkubwa. Hakuchora kundi la watu wasio na majina, na anayeviona vibao vyake leo anaweza kumtambua mtu kana kwamba ni jirani. Hilo ni jambo kubwa kwa mwaka 1925, na nasema hivyo bila kumsamehe tajiri aliyemlipa.

Kampala msafara uligawanyika makundi manne, kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Msumbiji na Cape Town, kisha baadhi ya makundi hayo yakakutana tena Antananarivo mwezi Juni 1925. Kasongo na Kabambare hazikuwa katika njia hizo. Nyuso za Maniema zilikosa mkono ule.

Michoro ilionyeshwa Paris mwaka 1926, na kitabu chake chenye vibao 50 kikatoka 1927 kwa nakala chache za matajiri. Mwaka 1931 alipanda tena gari la Citroën, safari hii kutoka Beirut hadi Peking. Haardt alifia Hong Kong mwaka 1932. Iacovleff alifundisha Boston kuanzia 1934 hadi 1937, akafariki Paris mwaka 1938, akiwa na miaka 50.

Waliokuja kuichora Kongo kwa mikono ya Wakongo ni wengine. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima katika miaka ya 1973 na 1974, pamoja na utumwa wa enzi za Tippu Tip, akaielezea kwa Kiswahili cha Shaba. Yeye ndiye aliyeifikia Maniema, bila gari.

Kazi za hawa wawili sehemu kubwa ziko Ulaya na Marekani. Wenye kuzihifadhi walete nakala nzuri Kisangani, Isiro, Kindu na Kasongo, zitundikwe mashuleni, na wajukuu wa waliochorwa wawe wa kwanza kuzihukumu.