Zanzibar Heroes: Timu Iliyoizidi CAF Umri

Timu ya taifa ya Zanzibar ilianza kugombea kombe la Afrika Mashariki mwaka 1949. Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, lilizaliwa Khartoum mwaka 1957. Kwa hiyo tukiizungumzia Zanzibar inayoomba kutambuliwa, tusiizungumzie kama mtoto anayetaka kukaa jamvi moja na wakubwa. Ilipoanza kushindana, huyo anayeombwa ruhusa alikuwa bado hajazaliwa.

Kombe lenyewe enzi hizo liliitwa Gossage, jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyolitoa. Kenya na Uganda zilianza kuligombea mwaka 1926, Tanganyika ikaingia 1945, na Zanzibar ikafuata miaka minne baadaye. Lakini mpira Unguja ulikuwa na asili ya zamani zaidi. Vijana wa shule ya misheni ya Kiungani walishaucheza tangu karne ya 19, na kufika miaka ya 1920 vilabu vya Ng'ambo vilikuwa vikishuka Mnazi Mmoja kupambana na timu za Waingereza. Mtu ambaye mchana kutwa alimwita mwenzake "bwana" jioni alipata ruhusa ya kumpiga chenga mbele ya umati. Mapenzi ya mpira visiwani yalikulia hapo, na ndiyo maana hayakuwahi kuwa mapenzi ya mchezo tu.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Siku sita baadaye ikaingia Umoja wa Mataifa. Mapinduzi yakaja Januari 12, na Aprili 26, 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Katika hati za Muungano yaliorodheshwa mambo kumi na moja ya kuendeshwa pamoja: mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia na mengine. Orodha hiyo imerefuka tangu wakati huo hadi kufika mambo ishirini na mbili, lakini michezo haimo. Haikuwamo mwanzo na haijaingizwa hadi leo. Zanzibar ina wizara yake inayosimamia michezo, ina shirikisho lake (zamani ZFA, sasa ZFF), ina waamuzi wake, ina Ligi Kuu yake na bingwa wake.

Hapo ndipo penye fundo la historia nzima ya timu hii. Ndani ya nchi mpira si jambo la Muungano, lakini ukipanda ndege tu unakuwa jambo la Muungano. FIFA inaijua Tanzania moja, na mwenye kiti ni chama cha Bara, zamani FAT na sasa TFF. Mchezaji wa Mwembetanga au wa Chake Chake anaichezea Zanzibar katika Kombe la Chalenji la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, ambako Bara huja kwa jina la Kilimanjaro Stars. Mechi ikiwa ya kufuzu Kombe la Afrika au Kombe la Dunia, mchezaji huyo huyo anavaa jezi ya Taifa Stars. Wengi wameivaa kwa heshima kubwa. Nadir Haroub "Cannavaro" alikuwa nahodha wa timu zote mbili, na sijawahi kumsikia Mzanzibari akisema kwamba alipungukiwa na uzalendo upande wowote.

Kwa vilabu mambo yalienda vingine. Kwa miaka mingi ilikuwepo Ligi ya Muungano, ambayo timu za Bara na Visiwani zilimenyana kumpata wa kuiwakilisha nchi Afrika. Tangu mwaka 2004 vilabu vya Zanzibar vinaingia mashindano ya CAF kwa nafasi yao wenyewe. Maana yake ni kwamba KMKM, Mlandege au JKU wakisafiri kwenda Misri au Ethiopia wanahesabiwa kuwa wametoka Zanzibar. Wachezaji hao hao wakikusanywa wakawa timu ya taifa, CAF haiwaoni.

Mwaka 1995 haujapata mfano. Klabu ya Malindi ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, kisha mwishoni mwa mwaka Zanzibar Heroes wakaenda Uganda kwenye Chalenji na kumfunga mwenyeji bao 1–0 katika fainali. Ni Chalenji pekee ambalo Zanzibar imelichukua. Lilikuja wiki chache baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wa Oktoba 1995, uliowaacha Waunguja na Wapemba wamenuniana, maskani na maskani, hata nyumba na nyumba. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka kuwa kombe lile lilipokelewa na watu ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa hawasalimiani. Sitaki kulikuza jambo hilo kuliko lilivyokuwa, kwa sababu siasa zilirudi palepale. Lakini bao lile moja la Kampala lilifanya kazi ambayo hotuba nyingi za mwaka ule zilishindwa kuifanya.

Ilipoonekana kwamba FIFA haifungui mlango, Zanzibar ilitafuta pa kucheza. Mwaka 2006 ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kwenye kombe la timu zisizo wanachama wa FIFA, lililochezwa katika uwanja wa klabu ya St. Pauli wakati Kombe la Dunia likikaribia kuanza nchini humo humo. Katika nusu fainali iliitoa Gibraltar. Fainali dhidi ya Kupro ya Kaskazini ikaisha bila bao, na Zanzibar ikapoteza kwa matuta. Mwaka 2012 ikaenda Kurdistan ya Iraq kwenye mashindano mengine ya aina hiyo, ya Viva, ikaifunga Provence 7–2 na kushika nafasi ya tatu. Mwaka huo huo, Kampala, ilichukua nafasi ya tatu ya Chalenji kwa kuishinda Kilimanjaro Stars kwa matuta.

Hiyo Gibraltar inastahili tusimame kwayo kidogo. Ni mwamba wenye watu wasiojaa viwanja viwili vikubwa, na ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Ilifuatilia haki yake kwa miaka, ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ikapokewa na UEFA mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016. Tangu hapo imecheza na Uholanzi mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na Ufaransa mechi za kufuzu Kombe la Ulaya. Zanzibar iliyoifunga Hamburg, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, inatazama mechi hizo kwenye televisheni.

Kisha likaja la Addis Ababa. Tarehe 16 Machi 2017 mkutano mkuu wa CAF uliipigia Zanzibar kura na kuipokea kuwa mwanachama wa 55. Aliyekuwa Rais wa TFF, Jamal Malinzi, alikuwa miongoni mwa waliolipigania ombi hilo waziwazi, na ni haki kulitaja, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa kikwazo siku zote kimekuwa Dar es Salaam. Siku hiyo hiyo wajumbe walimwangusha Issa Hayatou, aliyekiongoza chombo hicho tangu 1988, na kumchagua Ahmad Ahmad wa Madagaska. Unguja watu waliingia barabarani kwa furaha. Mahesabu yakaanza barazani: Kombe la Afrika, vijana kwenda kufuzu wenyewe, fedha za maendeleo kuja moja kwa moja.

Tarehe 21 Julai, huko Rabat, Ahmad aliuambia mkutano wa dharura kwamba Zanzibar ilipokewa kimakosa. CAF, alieleza, haiwezi kuwa na mashirikisho mawili kutoka nchi moja, na nchi ni nchi kama inavyojulikana na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Uanachama ukafutwa. Ulikuwa umedumu miezi minne na siku tano.

Nimelihesabu jambo hili mara kadhaa. Zanzibar ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa kuanzia Disemba 16, 1963 hadi Muungano, Aprili 26, 1964: miezi minne na siku kumi. CAF iliipa muda unaokaribiana kabisa na huo, kisha ikasema kwamba kilichokosekana ni kile kiti cha Umoja wa Mataifa.

Disemba ya mwaka huo huo timu ikaenda Kenya kwenye Chalenji. Kocha alikuwa Hemed Suleiman "Morocco", na ndani ya kikosi alikuwemo kiungo kijana, Feisal Salum, ambaye Tanzania nzima ingekuja kumjua kwa jina la Fei Toto. Waliifunga Rwanda 3–1, wakaifunga Bara 2–1, wakatoka sare na wenyeji, wakapoteza kwa Libya bao moja. Nusu fainali wakawavua ubingwa Uganda kwa 2–1. Jumapili ya tarehe 17 wakaingia uwanjani Machakos kucheza fainali na Harambee Stars.

Kenya walipata bao mapema, dakika ya tano. Barazani kwetu muuza kahawa aliacha kumimina, akasimama na vikombe mkononi, na watu wakaanza kusema yale yanayosemwa kila mara, kwamba tumezoea. Zikapita dakika themanini. Dakika ya 87 Khamis Mussa Makame akasawazisha, na kelele zilizotoka mtaa wa pili zilitufikia kabla ya picha ya televisheni yetu, iliyokuwa nyuma kwa sekunde mbili tatu. Tulijua ni bao kabla ya kuliona. Muda wa nyongeza Masoud Juma akaipa Kenya la pili. Mpira ukawekwa kati, na baada ya muda mfupi tu Khamis yule yule akasawazisha tena, 2–2. Vikombe vya kahawa vilianguka vyote. Mzee mmoja ambaye hapendi mpira, aliyekuwa akipita kwenda msikitini, alisimama mlangoni akauliza nani kafunga, akaambiwa, akasema "Alhamdulillahi" kama aliyepewa habari ya mtoto wake.

Matuta hayakutupenda. Kipa Patrick Matasi aliokoa matatu, na Kenya wakachukua kombe kwa penalti 3–2. Waliporudi Unguja vijana walipokewa kama mabingwa. Jambo hilo limewahi kusemwa vibaya na watu wa mbali, kwamba Wazanzibari hufurahia nafasi ya pili. Hawakuelewa walichokuwa wakikiona. Miezi mitano baada ya kuambiwa kuwa si nchi, timu ilikuwa imezifunga Uganda na Bara na kufika penalti za mwisho za fainali.

Njia za kisheria hazijaisha, ila kila moja ina mwiba. Kanuni za FIFA zinataka chama kimoja kwa nchi moja. Vyama vinne vya Uingereza vimeachwa kwa historia yao, kwa kuwa vilikuwepo kabla ya FIFA yenyewe. Kipo pia kifungu kinachoruhusu chama cha eneo ambalo bado halijapata uhuru kuomba uanachama kwa idhini ya chama cha nchi linayoitegemea. Kwenye karatasi hilo laonekana rahisi: TFF itoe barua, Zanzibar iombe. Lakini kukitumia kifungu hicho Zanzibar ingelazimika kujiita eneo tegemezi lisilo huru, nayo ilipata uhuru 1963 na ikaingia Muungano ikiwa dola. Hakuna Mzanzibari, wa chama chochote, ambaye mkono wake ungekuwa mwepesi kutia saini maneno hayo. Kinachohitajika ni kifungu kinachomjua mshirika wa muungano, na hicho bado hakijaandikwa.

Wakati huo huo majirani wanasonga. Wakomoro, ambao ni wajomba na mashangazi wa nusu ya Mji Mkongwe, waliingia FIFA mwaka 2005. Januari 2022 waliifunga Ghana 3–2 katika fainali za Kombe la Afrika nchini Cameroon. Miaka hiyo ya 2000 mwanzoni hakuna aliyesema kuwa soka la Ngazija limelizidi la Unguja. Walichokuwa nacho ni mlango: mechi za kufuzu kila mwaka, fedha za FIFA za viwanja na makocha, na jina kwenye orodha ya viwango ambalo wakala wa wachezaji huko Ufaransa analiona.

Timu yetu ilitegemea Chalenji, nalo limekuwa halieleweki. Mashindano ya wakubwa ya 2019 yalifanyika Uganda. Ya 2021, Ethiopia, yakageuzwa kuwa ya vijana chini ya miaka 23. Kwa kijana aliyeanza kung'ara akiwa na miaka ishirini, hiyo ndiyo sehemu bora ya maisha yake ya mpira iliyopita bila mechi ya taifa lake. Mgawo wa fedha za FIFA zinazopitia TFF nao umekuwa chanzo cha malalamiko kwa miaka. Hasara kubwa kwangu ni ile ya mechi. Fedha zikichelewa zinaweza kulipwa, lakini mchezaji hawi kijana mara mbili.

Hemed Morocco baadaye alikabidhiwa Taifa Stars na kuiongoza hadi robo fainali ya CHAN, mashindano ya CAF ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na kukarabatiwa upya 2023, ulikuwa miongoni mwa viwanja vya mashindano hayo. CAF ilikagua nyasi, taa na vyumba vya kubadilishia nguo vya Zanzibar, ikaridhika navyo.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi, ambalo kwa kawaida ni la vilabu, lilichezwa na timu za taifa katika uwanja wa Gombani, Pemba. Zanzibar Heroes waliifunga Kilimanjaro Stars, wakaifunga Kenya, na usiku wa tarehe 13 wakaifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali. Burkina Faso ni timu iliyowahi kucheza fainali ya Kombe la Afrika, mwaka 2013. Baada ya hapo kikosi kilivunjwa. Wageni waliondoka wakiwa na mechi za kufuzu Kombe la Dunia mwezi Machi. Wachezaji wa Zanzibar walipanda boti kurudi vilabuni kwao.