Samaki wa Kwanza katika Tangi Jipya

Katika vitu vinavyodanganya macho, maji maangavu ni kimojawapo. Tangi jipya la kioo likijazwa maji matamu, likatandikwa changarawe na kutiliwa samaki wawili watatu, siku ya kwanza hupendeza mno. Baada ya siku chache samaki wale wale hupanda juu wakihema, hukataa chakula, na pengine hufa, ilhali maji hayakubadilika rangi wala harufu. Msiba huu umewaliza wafugaji wengi wa samaki. Sababu yake ilijulikana kidogo kidogo, kwa jitihada ya watu wa nchi mbalimbali. Na miongoni mwao walikuwapo baba na mwanawe, ambao kila mmoja alishika upande wake wa jambo.

Baba alikuwa Robert Warington, mkemia wa Chama cha Wauza Dawa mjini London. Mwaka 1849 alichukua chombo cha kioo chenye nafasi ya galoni 12, akatia maji, mchanga na mawe, akapanda mmea wa majini uitwao Vallisneria, kisha akaingiza samaki wawili wadogo wa rangi ya dhahabu. Ilikwisha kujulikana tangu karne ya 18, kwa kazi ya Priestley na Ingenhousz, kwamba mmea ukipata mwanga hurudisha uzima wa hewa iliyochafuliwa na pumzi ya mnyama. Warington alitaka kuona kama samaki na mmea waweza kuishi pamoja kwa kupeana pumzi. Majani makuukuu yalipoanza kuoza na maji kuingia ukungu, alileta konokono. Nao wakala uozo, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 aliwatangazia wanakemia wenziwe kwamba mizani ya mnyama na mmea imesimama.

Habari ile ilienea upesi. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowatia watu wengi hamu ya kuweka bahari ndogo sebuleni. Walakini mizani ile ilikuwa mizani ya pumzi. Samaki hatoi pumzi tu. Katika matamvua yake hutoka pia amonia, na chakula kilichobaki kikioza huizidisha. Amonia ni sumu. Aliyekuwa akiiondoa katika chombo cha Warington hakuonekana kwa macho, na zama zile hakuna aliyejua kwamba yupo.

Habari zake hazikutoka kwa wafugaji wa samaki, bali kwa watu wa mashamba na maji machafu. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi hapakutokea jambo. Kisha amonia ikaanza kutoweka, na mahali pake ikaja naitreti, chumvi ile ile inayorutubisha udongo. Walipotia mvuke wa klorofomu kazi ilisimama. Walipomimina maji yaliyooshewa udongo wa shamba ikaanza tena. Hapo ikadhihirika kwamba mtendaji ni kitu chenye uhai.

Aliyelifuata jambo hili katika Uingereza alikuwa Robert Warington mdogo, aliyezaliwa mwaka 1838, naye alikuwa mtoto wakati baba yake alipokuwa akipanda Vallisneria. Akiwa mkemia wa kilimo huko Rothamsted, alionyesha kwamba kazi ile ina hatua mbili: vijidudu vya kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, na vingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti. Lakini hakufaulu kuvitenga. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa Zürich, aliwaza kwamba kosa limo katika karamu: wataalamu walikuwa wakiviandalia mchuzi mnono, kumbe chakula chao ni amonia yenyewe. Alipoviandalia chumvi tupu, vilikubali kukua.

Mambo haya yakirudishwa katika tangi, kitendawili cha samaki wanaokufa hufumbuka. Katika tangi jipya vijidudu ni haba, navyo huongezeka polepole. Kwanza amonia hupanda na kuunguza matamvua. Vijidudu vya kwanza vikishika kazi, amonia hushuka na naitraiti hupanda. Hii huigeuza damu rangi ya kahawia hata ikashindwa kuchukua oksijeni, na samaki hukosa pumzi katikati ya pumzi. Mwisho huja vijidudu vya pili, na naitreti isiyo na ukali mwingi hubaki. Safari hii aghalabu huchukua wiki nne hadi sita. Tena, maji yakiwa na magadi zaidi ndivyo amonia inavyozidi ukali. Basi anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji ya namna hiyo, ana nafasi ndogo zaidi ya kukosea.

Elimu yenyewe haijatulia. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya maji matamu kazi ya pili si ya Nitrobacter, kama vitabu vilivyosema, bali ya jamii ya Nitrospira. Mwaka 2005 kiumbe cha ukoo mwingine kabisa, chenye kuishi kwa amonia, kilipatikana katika tangi la bahari la Seattle. Mwaka 2015 wakatangazwa Nitrospira waliotimiza hatua zote mbili peke yao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tangi jipya mgeni wa kwanza ndiye huumia ili watakaokuja baadaye wapone, kwa kuwa amonia yake ndiyo inayovilisha vijidudu. Siku hizi si lazima iwe hivyo: yawezekana kutia amonia kabla ya samaki. Lakini samaki wakiwa wamekwisha kuingia, hapana budi wawe wachache, walishwe kidogo, maji yapimwe na sehemu yake ibadilishwe mara kwa mara, na kokoto au sifongo ya chujio iletwe kutoka tangi la zamani lenye afya. Asiyefanya hivyo huwatoza samaki gharama ya haraka yake. Warington mkubwa alikuwa na samaki wawili katika galoni nyingi, mchanga, mawe na mimea. Wengi waliomfuata wameiga kioo chake wakasahau uchache wa samaki wake.