Ukusanyaji wa mapambo ya zamani ya nyumbani

Ukusanyaji wa mapambo ya zamani ya nyumbani ni desturi ya kutafuta, kununua na kutunza vitu vya kupamba nyumba vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine, hasa vile vilivyotengenezwa viwandani kwa wingi katika karne ya 20. Mifano yake ni bakuli za bati zenye maua, saa za ukutani, redio za mbao, vitambaa vya kufuma na picha za rangi kali. Vingi viliuzwa kwa bei nafuu na havikuhesabiwa kuwa sanaa. Wataalamu wa sanaa huviita kwa neno la Kijerumani kitsch, lililoanza kutumika mjini Munich katika karne ya 19.

Historia

Kupamba nyumba kwa bidhaa kutoka mbali ni jambo la kale Afrika ya Mashariki. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyombo vya kauri kutoka China vilipangwa katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, vyombo vya namna hiyo vilipachikwa hata kwenye nguzo za makaburi.

Baada ya uhuru, Tanzania ilianza kutengeneza bidhaa zake. Kampuni ya Matsushita kutoka Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, na redio zake za "National" zilienea vijijini. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika madukani, hivyo familia zilitunza walivyonavyo kwa uangalifu. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba na vyombo vya plastiki viliingia kwa wingi, na vya zamani vikaanza kutupwa au kuuzwa kama chuma chakavu.

Mfano wa kitu cha bei nafuu kilichopanda thamani ni picha za Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya masonite, akiuza karibu na duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Leo picha zake chache zilizobaki hutafutwa na wakusanyaji wa nchi nyingi.

Upatikanaji

Mijini, vitu hivi hupatikana kwenye masoko ya mitumba na kwa wauza vyuma chakavu. Vijijini hutoka zaidi majumbani, wakati wa kuhama, kubomoa nyumba ya zamani au kugawa mirathi. Ndivyo ilivyo katika maeneo kama Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, iliyo chini ya milima ya Uluguru kwenye barabara ya kwenda Mgeta. Chemli, pasi ya mkaa au kabati la vyombo huenda bado vinatumika, na mwenyewe havihesabu kuwa vya kale.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo chombo kilichoachwa na bibi kinaweza kuwa na wenye haki wengi kuliko mtu anayekaa nacho. Kukinunua kwa kijana mmoja bila wazee wa ukoo kujua kunaweza kuzusha ugomvi.

Utambuzi

Maandishi husaidia kukadiria umri. Neno "Tanganyika" kwenye chombo kwa kawaida huonyesha kwamba kilitengenezwa kabla ya jina la Tanzania kuanza kutumika mwaka 1964. Kanga za kumbukumbu mara nyingi hutaja mwaka na tukio.

Utunzaji

- Bakuli za bati zilizobanduka au zenye rangi kali zisitumike kwa chakula, kwa kuwa baadhi ya rangi za zamani zina risasi au kadimi.
- Redio ya zamani ikaguliwe na fundi kabla ya kuchomekwa kwenye umeme.
- Samani za mbao zilindwe dhidi ya mchwa na bungua.
- Kanga na vitambaa vikae mbali na jua na unyevu.
- Santuri zisimamishwe wima, zisilazwe.

Sheria

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, vinalindwa. Kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali.

Umuhimu

Vitu hivi huonyesha namna watu wa kawaida walivyoishi: walichokipenda, walichoweza kununua na walichomwonyesha mgeni sebuleni. Habari hizo haziandikwi sana vitabuni. Chombo kikiuzwa bila maelezo, sehemu kubwa ya thamani yake kwa historia hupotea. Kwa sababu hiyo wakusanyaji makini huandika kilitoka wapi, kilikuwa cha nani na kilitumikaje, wakati wazee wanaokumbuka bado wapo.